Mahindi ya Nane Nane Hayana Mwenyewe

Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 hadi 8 Agosti, wakulima wa Tanzania na wale wanaoishi kwa jina lao hukusanyika viwanjani kwa maonyesho ya kilimo ya Nane Nane: watu wa Kanda ya Mashariki huelekea Morogoro, wa Nyanda za Juu Kusini huenda uwanja wa John Mwakangale jijini Mbeya, wa Kaskazini huenda Themi jijini Arusha, na wa Kusini huenda Ngongo mkoani Lindi. Maonyesho ya Morogoro nimeyahudhuria tangu nikiwa shule ya msingi na bado ninayapenda, kwa hiyo haya ni manung'uniko ya mtu wa nyumbani.

Mwaka juzi nilifuatana na baba mdogo, mkulima wa mpunga na mahindi kutoka upande wa Ifakara, ambaye hakuwa amekanyaga Nane Nane kwa miaka mingi. Tulisimama mbele ya kipando cha mahindi cha halmashauri moja. Mahindi yenyewe yalipendeza kweli: yamenyooka mstari kwa mstari, ndevu zikiwa bado laini, majani yakiwa ya kijani kana kwamba mvua ilikatika jana yake. Baba mdogo hakulitazama bango. Aliinama, akachota udongo kidogo, akaufinya kwa vidole, kisha akaufuata kwa macho mpira wa maji uliolazwa pembeni mwa kipando.

"Bwana shamba, hapa mnavuna gunia ngapi kwa ekari?"

"Thelathini, mzee wangu."

"Na mpaka hapa yalipofika, mmetumia shilingi ngapi?"

Kijana yule, ambaye alikuwa mpole na mwenye adabu, alitabasamu na kumkabidhi kipeperushi. Kilieleza nafasi kati ya mche na mche, aina ya mbolea na wakati wa kupalilia. Gharama haikuwamo, na sidhani kwamba ilisahauliwa kwa bahati mbaya. Fedha iliyokilima kipando kile ilitoka kwenye bajeti, na bajeti haina watoto wanaosubiri ada.

Maonyesho ya kilimo ya wilaya kama tunavyoyajua leo yalianzia mahali ambapo swali la baba mdogo lingepata jibu. Mwaka 1807, katika mji wa Pittsfield, wilaya ya Berkshire, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, mfanyabiashara aliyegeukia ukulima, Elkanah Watson, aliwaleta kondoo wake wawili wa aina ya Merino kwenye uwanja wa mji ili majirani wawaone. Kondoo hao walisifika kwa sufu laini, na Hispania ilikuwa imewalinda kwa muda mrefu wasitoke nchini humo. Watu walikusanyika kuwashangaa wanyama wawili tu, naye akawaza ingekuwaje iwapo kila mkulima angeleta mnyama wake bora. Mwaka 1810 wakafanya onyesho la mifugo, na mwaka 1811 chama cha kilimo cha wilaya kikasajiliwa. Kilichokuwa kipya hapo ni mashindano ya hadharani baina ya watu wanaofahamiana, maana vyama vya kilimo vya mabwana wasomi, vyenye hotuba na machapisho, vilikuwapo tayari. Fahali aliyepata tuzo alikuwa na mwenyewe, na mwenyewe huyo alikuwa jirani. Aliyetaka kujua alilishwa nini na aligharimu kiasi gani alijua mlango wa kubisha. Watson alipotaka wanawake nao walete nguo walizofuma, waliona haya kujitokeza, mpaka mke wake mwenyewe alipotangulia ukumbini na wengine wakamfuata.

Kwetu, maonyesho yalishuka kutoka juu. Kenya ilitangulia, kupitia chama kilichoanzishwa na walowezi mwaka 1901, ambacho leo kinaitwa ASK (Chama cha Kilimo cha Kenya), na walowezi wale angalau walikuwa wakionyeshana mazao na mifugo yao wenyewe. Tanzania siku ya wakulima ilikuwa Saba Saba, tarehe ya kuzaliwa kwa chama tawala cha TANU mwaka 1954, hivyo mkulima na chama walisherehekewa pamoja. Baada ya mfumo wa vyama vingi kurudi mwaka 1992 ikafaa viwili hivyo vitenganishwe. Saba Saba ikabaki na biashara, wakulima wakapewa tarehe 8 Agosti.

Agosti ni mwezi mzuri kwa mkulima kusafiri, kwa sababu mazao ya mvua katika sehemu kubwa ya nchi yameshavunwa na mfukoni huwa kuna chochote. Lakini ni kiangazi. Mahindi mabichi ya wiki ya kwanza ya Agosti ni mahindi ya bomba, yaliyopandwa kwa kuhesabu siku nyuma kuanzia siku ya mgeni rasmi. Tunamwita mkulima wa mvua aje kujifunza kwenye shamba ambalo halijawahi kulitegemea wingu, kisha tunamlaumu kwamba ni mgumu wa kubadilika. Ningependa kuona magunia, kibuyu cha mbegu, mabua makavu na hata mahindi yaliyobunguliwa, ili tuzungumzie ghala.

Haki isemwe: mbegu bora huonekana pale, watafiti wapo na hujibu kwa uvumilivu, ingawa simba aliyeletwa kizimbani huvuta foleni ndefu kuliko mbegu zote kwa pamoja. Hata hivyo, baba mdogo analima SARO 5, mpunga unaonukia na kuzaa vizuri uliotoka kituo cha utafiti cha Ifakara, na hakuujulia kwenye maonyesho. Aliuona kwa jirani, akamwomba debe moja.

Pendekezo langu ni dogo na halihitaji sheria. Kila halmashauri ibaki na nusu ya kipando chake, na nusu nyingine impe mkulima aliyepatikana kwa mashindano ya kata, akiwa na mavuno yake, jina lake kwenye bango na hesabu zake zote: mbegu, kibarua, dawa, gunia, bei aliyouzia, na msimu aliokula hasara. Alipwe posho ya siku zote nane, kama wanavyolipwa maofisa.

Tulipokuwa tukitoka, baba mdogo alisimama nje ya geti kwa mama mmoja aliyekuwa akiuza miche ya parachichi ndani ya viriba vyeusi. Alimuuliza maswali yale yale. Mama alimjibu kwa vidole, akataja alichotumia mwaka wa kwanza, miche iliyomfia kwa mchwa na kilo alizouza. Walizungumza karibu nusu saa, mpaka nikahofia basi. Alinunua miche mitatu na kuandika namba ya simu ya mama yule nyuma ya kipeperushi cha mahindi.