Presha Ikiwa Sawa, Majeruhi Bado Anaweza Kuwa Anakufa

Kila zinapotajwa kampuni changa zinazobuni vifaa vya kumvalisha majeruhi, vinavyofuatilia hali yake bila kumchoma sindano, wengi hapa Dodoma hujibu: tuleteeni damu na magari ya wagonjwa kwanza. Hoja hiyo ina uzito. Kifaa hakijazi benki ya damu.

Lakini wanaosema hivyo wanakiona kama mashine nyingine ya presha, wakati kimebuniwa kwa sababu presha hudanganya. Mtu mzima ana damu lita 5 hivi. Akivuja kwa ndani, labda ini limechanika au nyonga imevunjika, mishipa hujibana, moyo huongeza kasi, na presha hubaki ilipo. Kwa kawaida haishuki mpaka damu iliyopotea ikaribie asilimia 30, yaani lita moja na nusu. Mchukue kijana wa bodaboda aliyegongwa na lori karibu na Mtera. Anaongea, anaulizia simu yake, presha ni 118 kwa 76. Nani atampa kipaumbele? Vijana ndio hutudanganya zaidi, kwa kuwa miili yao huweza kufidia kwa muda mrefu, kisha huanguka ghafla. Na kutoka Mtera mpaka Dodoma mjini ni zaidi ya kilomita 100.

Vifaa hivi husoma kwa mwanga umbo la wimbi la mapigo, yaani jinsi damu inavyopanda na kushuka mshipani kila moyo unapopiga, na umbo hilo huanza kubadilika kabla presha haijashuka. Muda huo wa mapema ni uhai. Utafiti wa CRASH-2 wa mwaka 2010, uliohusisha majeruhi zaidi ya 20,000, ulionyesha kwamba asidi ya traneksamiki, dawa ya kuzuia damu iliyoganda isiyeyuke, hupunguza vifo vya kuvuja damu, hasa ikitolewa mapema. Ikichelewa kupita saa 3, inaweza kudhuru. Sasa, damu ikiwa chache na gari ni moja, si ndipo tunapohitaji zaidi kujua nani atangulie?

Hofu yangu iko kwingine. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa vipima oksijeni vya kidoleni, navyo vya mwanga, vilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa Weusi karibu mara 3 zaidi ya Wazungu. Tena, sehemu kubwa ya ujuzi wa kusoma mawimbi haya ilitokana na watu wazima wenye afya waliojitolea maabara, damu yao ikivutwa kuelekea miguuni ili kuiga kuvuja. Majeruhi wetu anaweza kuwa na malaria, au upungufu wa damu aliokuwa nao kabla ya ajali.

Kwa hiyo hospitali zetu, Benjamin Mkapa ikiwemo, zifungue mlango wa majaribio kwa sharti kwamba kifaa kipimwe kwa majeruhi wa Kongwa, Bahi na Manyoni, na wauguzi wa zamu wawe na sauti katika kuamua kama kinafaa. Kabla ya hapo asinunue mtu hata kimoja. Ila tusikifukuze kwa sababu tu damu haitoshi.