Inajulikana

Jana saa nane za usiku, wateja wetu wote wanaodaiwa walipokea meseji ya heshima: "Ndugu mteja, tunakukumbusha kulipa deni lako. Asante kwa kuwa nasi." Saa nane! Muda huo simu ikilia, mtu huuliza kwanza nani amefariki. Mteja mmoja kapiga asubuhi anataka kujua kama siku hizi tunadai kwa kutumia wachawi.

Aliyetuma ni ajenti wa akili mnemba, programu inayopewa zana na kufanya kazi yenyewe. Bosi akamlaumu ajenti. Mimi, kwa kuwa ni mtu mzima na diploma yangu ya kompyuta nimeipiga laminesheni, nikaenda kusoma maelezo ya ile zana ya kutuma meseji. Yote haya hapa: "saa: weka saa. Mfano: 2." Basi. Aliyeandika alimaanisha saa mbili asubuhi, kama mimi na wewe. Ajenti akaweka 02:00, na kwa jinsi alivyoelekezwa hana kosa. Kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe na saa, ISO 8601, kipo tangu 1988, unaandika 08:00+03:00, yaani saa mbili asubuhi ya hapa kwetu, ubishi unaisha. Lakini nani ana muda huo, sisi tunajuana.

Kumbe hapo ndipo tatizo lilipo. Ajenti hatujui. Tangu MCP, utaratibu wa kuunganisha ajenti na zana, itoke Novemba 2024, zana inajitambulisha kwake kwa jina, maelezo na orodha ya vitu inavyopokea. Hawezi kugeuka kumuuliza wa meza ya pili. Vijana wa field walikuwa wakilia miaka yote kwamba mfumo hauna maelezo, tukawajibu "mtazoea". Sasa kaja mfanyakazi asiyezoea, na kwa ajili yake bosi katoa agizo: kaa na kaka yako aliyetengeneza mfumo, mwandike upya.

Nikaenda na daftari. Shikamoo kaka. Marahaba mdogo wangu, lete habari.

"Kaka, hizi zana nne: tuma, tuma2, tuma_mpya na tuma_mpya_usiguse. Tofauti yake nini?"

"Tuma ndiyo ya zamani."

"Tuifute?"

"Weee! Tuma2 inaitegemea hiyo hiyo."

"Na tuma_mpya?"

"Hiyo ni ya zamani zaidi."

Nikaandika. Usiguse sikuigusa.

"Hapa pana kitu kinaitwa hali, inapokea namba. Namba zipi?"

"Sifuri, moja, mbili, saba."

"Tatu mpaka sita je?"

Akanitazama kama nimemuuliza mshahara wake. "Hazipo."

"Na saba ni nini?"

"Saba ni yule mama wa Kariakoo."

"Mama yupi?"

"Yule ukimtumia meseji haji kulipa, anakuja kugomba. Tukaamua asitumiwe."

"Sasa kaka, ajenti atajuaje?"

"Mbona inajulikana!"

"Inajulikana na nani?"

"Mimi. Na mhasibu."

"Huyu mhasibu wetu?"

"Hapana, yule aliyeacha kazi."

Nikanywa maji. Nikauliza, zana ikishindwa kazi, inamrudishia ajenti nini?

"Kosa."

"Kosa gani?"

"Neno lenyewe. 'Kosa'."

Jamani! Ajenti anapeleka namba ya simu inayoanza na 0, mfumo unataka 255, anajibiwa "Kosa". Anabadilisha tarehe, anajibiwa "Kosa". Anabadilisha jina la mteja wa watu, "Kosa". Kumbe ungemwambia tu "namba ianze na 255, wewe umeanza na 0", angejirekebisha mwenyewe hapo hapo na sisi tungeendelea na chai. Sentensi moja! Kaka yangu kajenga mfumo mzima, sentensi moja imemshinda.

"Na ikifanikiwa?"

"Inakaa kimya."

Hapo nilifunga daftari, nikatoka nje nikasimama juani.

Nimeandika hivyo hivyo. Kila zana nimeipa jina linalosema inachofanya, lini itumike, lini isitumike, mfano mmoja unaofanya kazi kweli. Mteja sasa ni namba_ya_mteja, siyo "mteja" halafu mtu abahatishe kama ni jina, simu au lile la utani. Mama wa Kariakoo kapata aya yake mwenyewe. Nikampelekea bosi nikingoja pongezi. Bosi kasoma, kasema ni marefu: maelezo yote anapakiwa ajenti kila anapoanza mazungumzo, na tunalipia kwa tokeni, yaani kila kipande cha neno anachosoma. Fupisha. Nikamuuliza nitoe kipi. "Vile vinavyojulikana," akasema, akaondoka zake.

Sina neno. Mhasibu mpya naye kapita kuuliza kama akiandika vizuri maelezo ya fomu zake za posho, ajenti ataweza kuzijaza. Fomu zenyewe zina sehemu imeandikwa "mengineyo", na hapo ndipo hela yote inapoingia.

Nikiwa kwenye daladala nimesimama mguu mmoja, simu ikatetemeka. Mwenye nyumba. Hakuna salamu: "Vipi kuhusu lile suala?" Suala lipi sasa? Kodi nimelipa. Labda bili ya maji. Labda geti, ambalo sikulivunja mimi. Au kile kinyesi cha kuku, na mimi kuku sina! Nimekaa nayo mpaka Ubungo, nikamjibu: "Linashughulikiwa, mzee." Kajibu: "Sawa. Na lile jingine?"