Seventi Pasenti

Dogo ameshaiweka stetasi. Najua. Nimeamka nikakuta meseji 41: 38 ni vile vikatuni vya kulia kwa kicheko, mbili ni za watu wanaonidai, na moja ya mama yangu mzazi anauliza, "Mwanangu, seventi pasenti ndiyo nini?" Kwa hiyo naomba nisimulie mwenyewe, maana ya Dogo ina chumvi. Kwa mfano, mimi sikupiga magoti. Aliyepiga magoti ni madamu, na huko tutafika.

Ile meza mnaikumbuka. Niliirusha hapa na maneno "futi 6 kwa 3, mninga mtupu, Masaki hiyo", mkanijazia makopakopa. Wewe mwenye kabati la jikoni ukaandika, "Na langu lini?" Nikakujibu lipo kwenye msasa. Kaa hapo hapo, nitakurudia.

Kosa la kwanza ni langu. Siku madamu alipokuja bandani kwetu Keko kuulizia meza, alinisalimia kwa Kiswahili. Kiswahili kizuri tu, "habari za kazi, fundi". Mtu mwenye akili angejibu "nzuri, karibu". Mimi nikaona vijana wa banda la jirani wanatazama, nikasema, "Madamu, wizi mi, Inglishi no problemu." Basi. Tangu siku ile yule mama wa watu akawa ananiheshimu, haongei na mimi ila Kiingereza. Nilijifunga kamba mwenyewe, na fundo nikalikaza kwa meno.

Tukapatana 900,000. Akanipa advansi 450,000 pale pale. Hapa wateja huwa mnadhani advansi yako ndiyo inayonunua mbao zako. Hapana. Advansi yako inanunua mbao za aliyekutangulia, ambaye advansi yake ilinunua za aliyemtangulia, na ukirudi nyuma hivyo hivyo utakuta harusi ya mtu. Ya madamu ilikutana na mwenye nyumba wangu, anayetaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Zikabaki hela za mninga nusunusu.

Meza ile inakula mbao kumi kwa upana. Mbao ya inchi nne ukishairanda inabaki tatu na nusu na ushee, kumi zinakupa futi tatu zako. Nikapata za mninga saba. Tatu za katikati nikaweka mkaratusi. Ndiyo, mti wa nguzo za umeme. Nikazipiga rangi ya mninga, vanishi mikono mitatu, ukitazama juu huoni kitu. Chini ya meza sikupaka. Nani anatazama chini ya meza?

Sasa mninga ni mti mstaarabu, ukikauka hauhangaiki. Mkaratusi una roho ya ugomvi, unakunjana, unapasuka. Uweke kwenye chumba kinachopigwa kiyoyozi usiku na mchana, utausikia unalalamika kabisa. Ndani ya wiki tatu meza ikatoa ufa katikati, wa kuingia sarafu.

Mimi habari za ufa sikuwa nazo. Nilichokuwa nacho ni meseji ya madamu ya Jumanne usiku, kwa Kiingereza. Nilielewa hivi: habari fundi, meza, *upfront*, kesho saa nne.

Nikaganda kwenye lile neno. Apufronti! Nalijua vizuri kuliko jina la shemeji yangu, kwa sababu nililijifunza kwa njaa. Kuna hoteli moja niliwahi kuwatengenezea vitanda, mtu wao wa manunuzi kila nikigusia hela anasema "no apufronti, fundi", utalipwa baada ya siku 30. Madalali nao kwenye matangazo yao ya vyumba: miezi sita apufronti. Kwangu neno hilo halijawahi kuwa na maana nyingine zaidi ya hela inayotangulia kazi. Na huyu mama ananiandikia mwenyewe, usiku, bila kuombwa, kwamba anataka mambo ya apufronti kuhusu meza.

Nikajiongeza. Meza imempendeza, anataka ya pili. Labda shoga yake kaiona. Labda ni ofisi nzima.

Asubuhi nikatangaza bandani. Nikaagiza chipsi mayai za watu watano kwa mkopo. Mzee wetu pale, anayepiga randa tangu mimi sijazaliwa, akala zake akamaliza, akafuta mikono, ndipo akasema: "Hiyo sisi tulikuwa tunaiita arubuni. Na ukiitamka vibaya inakuwa kurubuni." Wakacheka. Mimi nikaona wivu wa uzee.

Nikaazima shati la jirani, jeupe. Nikachukua kitabu cha risiti kipya. Nikamchukua na Dogo abebe futi, ili tuonekane kampuni. Dogo ana C ya Kiingereza ya kidato cha nne. Jambo hilo nilikuwa nalijua na sikulitumia.

Haya. Tumeingia. Sebule ya baridi, meza yangu katikati, imefunikwa kitambaa. Nikawaza, ona anavyoitunza. Madamu ameketi upande wa pili, mikono ameikunja. Nyuma yake kasimama mtunza bustani wake, mzee mmoja wa Tabora. Tabora, ndugu zangu, huko mninga unakotoka. Ningekuwa na akili ningegeuka pale pale mlangoni.

Madamu akavuta pumzi. Akasema, polepole, neno moja moja, ili nisipotee:

"Fundi. Ai nidi yu tu bi apufronti wizi mi."

Nikatabasamu. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi jibu langu kwenye daladala, kutoka Keko hadi Masaki. Nikanyoosha shati la watu, nikamtazama usoni, nikasema:

"Seventi pasenti, madamu."

Kimya. Nasikia kiyoyozi tu.

"Seventi?"

"Seventi nau," nikasema. "Thati afta finishi."

Yaani sabini sasa, thelathini kazi ikiisha. Bei ya soko, tena nimemhurumia. Dogo akanikanyaga mguu. Nikadhani anaona nimetaja kidogo. Nikamtuliza kwa mkono, kama bosi.

Madamu akamtazama mtunza bustani. Mtunza bustani akatazama dari. Madamu akaniuliza, na sasa sauti imeshuka, kama mtu anayeongea na mgonjwa, haiwezekani ikawa wani handredi?

Jamani, nisimamishe hapa kidogo. Umefika mahali unadai sabini, mteja mwenyewe anakuuliza kwa nini isiwe mia. Ungefanyaje? Moyo ulinipiga kifuani kama nyundo. Lakini nikasema nisionyeshe tamaa, nijifanye mtu wa misimamo. Nikacheka kidogo, nikatikisa kichwa.

"Wani handredi? Madamu, hia Keko, nobodi. Ol fundi, fifti pasenti." Nikajipiga kifua. "Mi, seventi."

Dogo akakanyaga mguu wa pili.

"Nobody," akasema madamu.

"Nobodi! Iveni mai sista: fifti."

Hilo la dada nililitoa wapi, Mungu ndiye anajua. Nilitaka kusema hata dada yangu wa damu nilipomtengenezea kitanda alitanguliza nusu. Ni kweli alitanguliza, na kitanda alipata. Lakini yule mama alivyonitazama, nikaona macho yanalegea, nikadhani ameguswa na habari za familia. Kwa hiyo nikaongeza:

"Bati fo yu, madamu, ifu yu wanti wani handredi, ai willi trai."

Dogo anasema hapa ndipo alipotoka nje kwenda kucheka kwenye maua. Mwongo, alikuwepo. Alikuwa ameuma futi.

Madamu akainuka. Akavuta kitambaa. Ufa huu hapa, mrefu, unanitazama. Hata hapo sikushtuka, nisamehewe, nikawaza kumbe ndiyo sababu anataka nyingine. Kisha akapiga magoti. Kwenye zulia lake, na gauni lake, akaingia chini ya meza na tochi ya simu. Tukabaki sisi wanaume watatu tumesimama tunatazama soli za viatu vyake. Akaanza kuhesabu. Kwa Kiswahili!

"Moja. Mbili. Tatu. Nne..."

Hapo jasho lilinishuka, na chumba ni baridi kama bucha. Maana chini sikupaka. Chini kila mbao iko na ngozi yake ya kuzaliwa, mninga mwekundu kwenye hudhurungi, mkaratusi umepauka kama mguu wa mtu aliyetoka kulima.

"...tano, sita, saba." Kimya. Tochi ikahama. "Na tatu si mninga." Kichwa kikachomoza chini ya meza, nywele zimevurugika, uso umejaa mshangao wa kweli kabisa. "Saba kwa kumi. Fundi, *seventy percent*. Umesema kweli!"

Wallahi sikupanga. Kuna mafundi wameshindwa kuhesabu mbao zao wakiwa wamezishika mkononi, mimi nimepiga hesabu ya dhambi yangu sawasawa bila kujua nimeulizwa.

Na mimi, jamani, mimi nikafanya nini? Nilikuwa nimesikia "seventi pasenti", nimesikia "kweli", nimeona kichwa kinatikisika kukubali. Woga wote ukayeyuka. Nikafungua kitabu cha risiti. Nikachomoa kalamu mfuko wa shati la watu. Nikauliza, "Keshi au M-Pesa?"

Mtunza bustani akakaa chini. Hakuombwa. Miguu tu ilimwisha.

Dogo ndiye aliyeniokoa, kama kuokoa ndiko kule. Akaninong'oneza, lakini sauti yake mnaijua, alinong'ona hadi jikoni kukasikika: "Kaka, hakwambii habari za advansi. Anakwambia useme ukweli. Apufronti ni kusema ukweli kweupe. Amekuomba usimfiche, wewe umemwambia utakuwa mkweli asilimia sabini."

"Na dada yangu?"

"Dada yako unamwambia ukweli nusu."

Kalamu bado iko hewani. Nikaanza kuirudisha mfukoni, nikaukosa mfuko, nikauchora moyo mzima wa shati la jirani mstari wa wino wa bluu. Huo mstari ndio mnaouona kwenye picha ya Dogo. Siyo damu, aliyeuliza.

Lakini nipeni nafasi nilalamike. Ni lugha gani hii inachukua hela ya mbele na ukweli, inavifunga kwenye neno moja? Vitu hivyo viwili, kwa ninavyoijua kazi yetu, havijawahi kulala nyumba moja. Kabla hujanipa hela mimi ni mkweli kama mtoto mchanga: nitakwambia mbao hakuna, umeme unakatika, mashine ya kuranda ni ya foleni. Ukishanipa ndipo mbao "ziko njiani kutoka Tabora". Mzee pale bandani alishanionya asubuhi na chipsi zangu tumboni mwake, nikasema wivu.

Madamu hakupiga kelele. Ningeshukuru angepiga. Alijipangusa magoti, akasema kwa Kiswahili kile kile cha siku ya kwanza, "Fundi, nilitaka ukweli tu." Halafu mdomo ukaanza kumcheza. Akakaza. Ukacheza tena. Kisha akacheka kicheko cha mtu aliyekizuia tangu "iveni mai sista", na mtunza bustani naye akaachia, na Dogo, na sauti nyingine jikoni ya mtu ambaye hata sijawahi kumwona.

Yaliyobaki ni mafupi. Meza imerudi Keko kwa kirikuu, nauli yangu. Mbao tatu za mninga nimenunua kwa hela ya kikoba cha mke wangu, ambaye naye sasa kila nikichelewa kurudi ananiuliza nilikuwa wapi, "na leo unipe pasenti ngapi?" Shati nimelinunua. Chipsi nadaiwa. Mzee wa bandani ameziandika zile mbao tatu za mkaratusi kwa chaki, SISTA, ameziegemeza pale wateja wanapopita. Meza nimeirudisha juzi, safari hii nikaipindua mwenyewe sebuleni miguu juu ili mtunza bustani aikague. Aligonga kila mbao kwa kidole, mbao kumi, bila haraka. Madamu akaagiza viti sita. Advansi hajatoa hata shilingi, na sikuthubutu kulitaja lile neno.

Mama, umeelewa sasa? Usimwambie dada.

Na wewe wa kabati. Jana usiku umeniandikia, "Fundi bi apufronti na mimi", ukaweka na kikatuni kinachocheka. Haya. Kabati halipo kwenye msasa. Mbao sijanunua. Hela yako ilikwenda kwenye kitanda cha mtu wa Tandika. Hiyo ni wani handredi.