Chama Changu Wanakijua Wao

Umri wote huu nilio nao, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza "wee chama gani?" Hapa Unguja hatuulizani hivyo. Tunaulizana "kwenu wapi?" Ukijibu Donge, kaskazini ya Unguja, mtu anatikisa kichwa, kashakuvisha kijani cha CCM. Ukijibu Mtambwe, kule Pemba kwa wapinzani, anatikisa kichwa vilevile, kashakuvua. Sasa mie babangu wa Donge, mamangu wa Mtambwe. Watu wanakosa pa kuniweka, na wananichukia kwa hilo.

Kwanza bibi zangu. Bibi mzaa mama, Mungu amrehemu, alikuwa hakumbuki alichokula mchana, lakini uchaguzi wa Januari 1961 kwake ulikuwa wa jana. Chama cha Afro-Shirazi viti 10, wapinzani wao Hizbu 9, chama cha tatu ZPPP 3, na Chake Chake Afro wameichukua kwa kura moja. Moja! Bibi alikuwa anamjua mtu wa Hizbu aliyelala na homa siku ile asiende kupiga kura, na kila tukikaribia nyumba yake tunavushwa upande wa pili wa njia. Mie sikuwa hata nimezaliwa wakati huo, lakini nilikua najua kuwa jogoo wa Hizbu ni wetu. Nikienda kwa bibi mzaa baba, jogoo huyohuyo wa kuchinjwa. Kumbe likizo zote zile nilikuwa nasajiliwa, mwenyewe nadhani nimekwenda kula embe.

Vyama viliporudi mwaka 1992 tukaambiwa haya, chagueni. Tuchague nini? Watu waliingia stoo, wakatoa siasa zao za kabla ya Mapinduzi ya 1964, wakazipangusa vumbi, wakazipa majina mapya. Mwaka 1995 Salmin wa CCM akatangazwa rais wa Zanzibar na asilimia 50.2, Maalim Seif wa CUF 49.8, na nyumbani kwetu hesabu ilikuwa hiyohiyo, ukuta wa chumbani ndio mpaka. Pemba miaka hiyo mtu akifiwa anahesabu kwanza nani kasusa mazishi, ndipo alie. Duka la jirani lina sukari, wewe unapanda gari kwenda kununua kwa mwenzako wa chama. Sukari ileile, meli ileile!

Mjomba wangu ndiye kiboko. Machi 2019 Maalim Seif kahama CUF kwenda ACT-Wazalendo, mjomba kahama naye siku hiyohiyo. Nikamuuliza, "Mjomba, katiba ya chama kipya umeisoma?" Akaniangalia kwa huruma. "Katiba ya nini, mwanangu? Ofisi ishapakwa rangi."

Rangi! Hapo ndipo penye kero yangu hasa. Mlango wangu umeliwa na hewa ya chumvi, nikaenda dukani, nikaambiwa kijani ndiyo imeshuka bei. Nikapaka. Basi. Jioni yake mzee mmoja wa maskani, ambaye salamu yangu alikuwa haitikii, kaja kunipa mkono kwa mikono miwili. Mashemeji zangu wakaacha kuja kula, na hilo kusema kweli halikuniuma sana. Mke wangu akaona aibu kwa ndugu zake, akatundika pazia la zambarau, rangi ya ACT, mlango uleule. Sasa vijana wakipita wanasema nyumba yangu imeunda Serikali ya Umoja wa Kitaifa, ile ya mahasimu kutawala pamoja, tuliyoipigia kura ya maoni Julai 2010. Mmoja kaniuliza Makamu wa Kwanza nani, mie au mama watoto. Nilishindwa kumjibu, maana kulijibu swali hilo ni kutafuta ugomvi ndani.

Kutoka nje nako shida. Nikikaa Kisonge, maskani ya CCM, naambiwa nimenunuliwa. Nikinywa kahawa Jaws Corner, baraza la wapinzani, naambiwa nimehama. Nikibaki nyumbani naambiwa nina jambo nalipanga.

Nilidhani simu itaninusuru. Zamani tulikuwa na redio moja ukumbini. Babangu anataka Sauti ya Tanzania Zanzibar, mamangu anasubiri BBC, na sote tunasikiliza zote mbili kwa kuwa hapana ya pili. Tulikuwa tunatukanana, lakini kwa habari moja. Sasa kila mtu na yake. Nimegusa hotuba moja tu, tena kwa sababu msemaji alijikwaa jukwaani nikataka kucheka, simu ikaamua mie mwanachama. Huyo bwana naletewa asubuhi, mchana na usiku, wala hajikwai tena. Mwanangu kitanda cha pili anaoneshwa nchi nyingine kabisa. Mkutano wa jana kwake umefurika, kwangu mkutano huohuo viti vitupu. Magrupu ya ukoo kwenye WhatsApp nayo mawili, mie nimo kote, na kila moja linanishuku kuwa napeleka maneno kwa jingine.

Juzi kaja kijana anayemposa binti yangu. Washenga walishapita, yeye kaja kusalimia tu. Kwao Mtambwe, upande wa mamangu wakaanza kutabasamu. Lakini kavaa jezi ya Yanga, kijani na njano, upande wa babangu nao wakasogea kumpisha akae. Wakabishana mpaka magharibi huyu kijana wa nani, na mwenyewe yuko palepale kwenye mkeka anasema hana chama, yeye mpira tu. Nikawanyamazisha wote. Nikawaambia mtu hahukumiwi kwa kwao wala kwa nguo aliyovaa. Wakanyamaza kweli.

Kisha nikamvuta pembeni. "Mwanangu," nikamwambia, "nyumba hii ya Simba tangu babu yangu. Jezi hiyo uivue, au mke katafute kwengine."