Warumi 13 Haikuandikwa Kuwafunga Waumini Midomo

Mgombea alikaribishwa hadi madhabahuni, akapewa kipaza sauti, akaongea kuliko mhubiri. Hakuna aliyesema kanisa limeingia kwenye siasa. Ibada ilipokwisha, muumini mmoja akauliza kwa nini hatuwaombei hata watu wanaokamatwa bila kufikishwa mahakamani. Akajibiwa kwa aya ya mtume Paulo, Warumi 13:1: "Kila mtu na aitii mamlaka iliyo kuu." Mazungumzo yakaishia hapo, naye akatazamwa kama mkorofi.

Nimekasirika, na sioni sababu ya kuficha. Kumpa mwenye madaraka mimbari ni siasa. Kumnyamazisha mwenye swali ni siasa pia.

Sasa tumtazame huyo Paulo anayetumiwa kama kufuli. Kabla hajawaandikia Warumi, alikuwa Filipi. Yeye na Sila walichapwa bakora hadharani bila kuhukumiwa, wakafungwa miguu kwa mkatale. Kulipokucha wakuu wa mji wakatuma ujumbe kwamba waachiliwe, waende zao kwa amani. Paulo akagoma kutoka. Alisema wao ni raia wa Rumi, wamepigwa mbele ya watu wote, kwa hiyo hawatatolewa kwa siri; hao wakuu waje wenyewe. Wakaja, tena kwa hofu, wakawasihi. Hayo yamo katika Matendo 16, na sijawahi kusikia yakisomwa pamoja na Warumi 13. Hata baada ya kuandika waraka ule hakubadilika. Yerusalemu, akiwa tayari amefungwa kamba ili apigwe mijeledi, alimuuliza akida kama ni halali kumpiga Mrumi ambaye hajahukumiwa. Mbele ya liwali Festo akakata rufani kwa Kaisari. Huyu ni mtu aliyeijua sheria na akaidai. Utii aliouandika haukumzuia kumwambia mtawala kwamba amekosea.

Tena sura yenyewe inaendelea. Mstari wa 4 unamwita mtawala mtumishi wa Mungu "kwa ajili ya mema." Mtumishi ana bwana wake, na mtumishi huulizwa hesabu. Wanaoishia mstari wa 1 wanampa mtawala kiti ambacho Paulo hakumpa.

Sura hiyohiyo ilitumika Afrika Kusini kuutetea ubaguzi wa rangi, hadi wanateolojia wa Waraka wa Kairos, tamko la Wakristo wa huko la kupinga ubaguzi huo, mwaka 1985, wakalisema jambo hilo waziwazi. Uganda, Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa Februari 1977, siku chache baada ya maaskofu kumwandikia Idi Amin kuhusu mauaji. Serikali ikasema ni ajali ya gari. El Salvador, Askofu Mkuu Oscar Romero alipigwa risasi akiadhimisha misa tarehe 24 Machi 1980. Siku moja kabla alikuwa amewasihi askari waache kuwaua wananchi wenzao. Hawakuwa wakitafuta kura.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wapo wahubiri walioligeuza kanisa kuwa tawi la chama, wakamwambia muumini nani wa kumchagua kana kwamba Roho Mtakatifu ana kadi ya uanachama. Hilo nalipinga kwa nguvu ileile. Na kodi tulipe, kama Warumi 13 inavyoagiza.

Lakini hatari ninayoiona zaidi ni ile ya 1 Wafalme 22. Mfalme Ahabu wa Israeli alikuwa na manabii wapatao 400, wote wakimwambia apande vitani, atashinda. Mjumbe aliyekwenda kumwita nabii Mikaya alimsihi na yeye aseme maneno mema kama wenzake. Mikaya akakataa, akapigwa kofi, akatupwa gerezani kwa mkate na maji. Ahabu akaenda Ramoth-Gileadi, akafa jioni ya siku ya vita. Miongoni mwa manabii wote waliosimama mbele ya mfalme siku ile, aliyejaribu kuyaokoa maisha ya Ahabu ni huyo aliyeonekana adui.

Wachungaji wetu, nawaomba kwa heshima: someni Warumi 13 hadi mwisho, na Jumapili inayofuata someni Matendo 16. Waombeeni viongozi, kama Paulo anavyomwagiza Timotheo, na waombeeni wafungwa kwenye sala hiyohiyo, kwa sauti ileile. Mwanasiasa akija ibadani, akae kwenye benchi pamoja na waumini wengine, asikilize Neno, atubu kama sisi tunavyotubu, atoe sadaka yake bila kutangazwa.