Fluoriti si alama ya mbebaji

Ukikuta fluoriti (madini ya kalsiamu na floridi) na bastnesaiti (madini ya metali adimu za ardhi yenye floridi na kaboneti) zimeota pamoja kwenye mshipa mmoja wa mwamba, jibu huja lenyewe: maji moto yaliyopita humo yalibeba metali adimu za ardhi kwa floridi. Wenye hoja hii hawakurupuki. Katika nyuzi 25 za Selsiasi, ioni ya neodimi, mojawapo ya metali hizo, huishika floridi kwa nguvu inayoizidi ya kloridi mara mamia, pengine maelfu.

Ila kushikana si kusafiri pamoja. Floridi za metali hizi haziyeyuki kirahisi, na hidrojeni nayo inaigombania floridi hiyohiyo. Asidi ya hidrofloriki ni dhaifu: pKa yake ni kama 3.2. Wengi huipita namba hiyo haraka mno bila kuitafakari. Maana yake, maji yakiwa na pH 3.2, nusu ya florini tayari imefungwa na hidrojeni; yakishuka hadi pH 2, imefungwa takriban asilimia 94. Hapo bado tuko nyuzi 25! Joto likipanda asidi hii huzidi kudhoofika, na floridi iliyo huru huzidi kupungua. Kloridi, yenye mshiko hafifu lakini tele kwenye maji ya chumvi, ndiyo inayobaki na mzigo, mara nyingine ikisaidiwa na salfeti. Watafiti Migdisov na Williams-Jones walilisema hili wazi mwaka 2014. Maji hayo yakigusa mwamba wa chokaa, ukali wa asidi huvunjika, floridi huachiwa, na metali hutuama palepale.

Tena katika joto kloridi huzishika metali nyepesi kama lanthani kwa nguvu zaidi kuliko nzito kama disprosi, hivyo nyepesi huweza kufika mbali zaidi.

Wasiokubali kuwa kloridi ndiye mbebaji wana turufu yao, nayo si floridi. Majaribio ya Anenburg na wenzake, 2020, yalionyesha kuwa kwenye karbonatiti (mwamba wa magma wenye kaboneti nyingi) kloridi peke yake haikutosha. Sodiamu na potasiamu zilihitajika. Mwaka 2022 Louvel na wenzake wakaongeza kaboneti, katika maji ya alkali. Humo hesabu yangu ya pKa haina meno, nakiri, kwa kuwa hidrojeni ya kuifunga floridi ni haba.

Kwa hiyo anayefuata fluoriti hajapotea: amefika mzigo uliposhushwa. Aliyeubeba atafutwe kwenye viputo vya maji vilivyonaswa ndani ya kwatzi.