Kiwi na Chai: Watoto Wachuma Riziki katika Sinema Mbili za Bombay

Katika Boot Polish (1954), iliyotengenezwa na Raj Kapoor, shangazi Kamla anawatuma mayatima Bhola na Belu wakaombe mitaani, na wakirudi anawanyang'anya walichopata. John Chacha, jirani muuza pombe ya magendo, anawaambia mikono ni ya kufanyia kazi. Wanajibana senti kwa senti mpaka wanapata brashi na kiwi.

Hapo ndipo filamu inapolaumiwa: imemtoa mtoto kwenye kuomba, ikamkalisha chini kusugua viatu vya wakubwa, kisha ikaita hiyo heshima. Lawama ya haki, ila inasahau mvua. Mvua ikianza, nani anataka kiatu king'ae? Njaa inabana. Mtu anarusha sarafu, Belu anaichukua, na Bhola anamzaba kofi mpaka anaiachia. Kofi lile ndilo linaloniponza kila nikitaka kuibeza filamu hii, maana hapo heshima yenyewe imeshageuka mzigo juu ya mgongo wa mtoto. Halafu anatokea tajiri, inatokea shule, mambo yanatengemaa. Rahisi mno.

Salaam Bombay! (1988) ya Mira Nair haina tajiri wa kuokoa mtu. Krishna anatafuta rupia 500 apate kurudi kwa mama yake. Anapeleka glasi za chai kwenye mitaa ya madanguro, na jina lake linamezwa na la kazi: Chaipau, chai na mkate. Akiba yake inaibwa na rafiki. Hapa kazi haimkomboi mtoto, na naona Nair amekaribia ukweli zaidi. Tena wakati ule mwenye kibanda cha chai hakuwa na kosa: sheria ya India ya 1986 kuhusu ajira ya watoto iliwakataza kazi fulani tu, na vibanda vya chai viliongezwa 2006.

Wapo wanaouliza kama Nair naye hakuwatumia watoto, kwa kuwa waigizaji wake walitoka mitaani. Aliwafunza, wakalipwa, na baada ya filamu ukaanzishwa mfuko wa Salaam Baalak kuwasaidia watoto kama wao. Kwangu hilo linatosha, ingawa si kwa kila mtu.

Marekebisho ya 2016 ya sheria ile ya India yalikataza kuwaajiri walio chini ya miaka 14, yakaacha milango miwili: uigizaji, na kusaidia shughuli ya familia baada ya shule. Chaipau wa leo haruhusiwi kupeleka chai, ila mbele ya kamera anaruhusiwa. Mlango wa pili unanitisha zaidi. Sheria hiyo inamhesabu shangazi kuwa familia. Kamla akifungua meza yake ya kupiga kiwi, Bhola na Belu wanaweza kukaa hapo kila jioni.